Risasi ya mwendo mdogo, medali kubwa

IKIWA imebaki risasi moja tu, dhahabu ilikuwa ya Matt Emmons.

Ilikuwa Agosti 22, 2004, kwenye uwanja wa kulenga shabaha wa Markopoulo, nje kidogo ya Athens, Ugiriki. Fainali ya Olimpiki, bunduki mita 50, mitindo mitatu. Mmarekani huyo alikuwa mbele kwa pointi tatu. Kwa lugha ya soka, unaongoza 3-0, dakika ya 89, na mpira unao wewe. Alihitaji pointi 7.2 tu, na kwa mtu wa kiwango chake hiyo ni penalti isiyo na kipa.

Akavuta pumzi, akalenga, akafyatua. Ubao wa matokeo ukanyamaza.

Waamuzi wakasogea. Emmons akawaonyesha kwa mikono kwamba amepiga. Na kweli alipiga, tena vizuri tu, ila shabaha aliyoipiga ilikuwa ya jirani yake wa njia namba tatu, Christian Planer wa Austria. Akapewa sifuri. Kutoka wa kwanza akaporomoka hadi wa nane, yaani wa mwisho. Dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China, ambaye sekunde chache kabla alikuwa anajiandaa kupokea medali ya chini ya hapo.

Ni aina ya kujifunga ambayo soka haina mfano wake. Hata beki akimpiga kipa wake tobo, angalau goli lilikuwa la uwanja uleule.

Kisa hicho kimesimuliwa sana. Kinachosimuliwa kidogo ni kwamba bunduki aliyokuwa nayo siku ile haikuwa yake. Miezi michache kabla ya Athens, Emmons alikuta bunduki yake imechokolewa kwa makusudi kwenye kituo cha mazoezi cha Marekani, mtutu umeharibiwa. Akaazima ya Amber Darland, rafiki yake aliyelenga naye shabaha enzi za chuo. Kwa bunduki hiyohiyo ya kuazima, siku mbili kabla ya balaa, alikuwa amebeba dhahabu ya mita 50 kwa mtindo wa kulala.

Mpenzi wa soka anaweza kudhani kuazima bunduki ni kama straika kuazima viatu: vikikutosha, ingia uwanjani. Hapana. Kwenye mchezo huu kila mtutu una risasi unayoipenda, na kuijua ni kazi ya miezi. Hapo ndipo ilipo mechi ambayo televisheni haionyeshi kamwe.

SHABAHA KAMA KITUFE

Kwanza tupime uwanja. Mita 50 ni karibu sawa na kutoka mstari wa goli hadi duara la kati. Kule mwisho kuna shabaha, na duara la pointi 10 katikati yake lina upana wa milimita 10.4. Hicho ni kitufe cha shati. Simama golini, mwambie mwenzako asimame katikati ya uwanja, kisha jaribu kuona kitufe chake cha pili kutoka juu.

Mlenga shabaha anapiga goti, analala, halafu anasimama. Bunduki inaweza kufika kilo 8. Kwenye kusimama, mapigo ya moyo tu yanatosha kuutikisa mtutu, ndiyo maana wakali wa mchezo huu husubiri upenyo kati ya pigo moja na jingine.

Risasi yenyewe ni ndogo. Kichwa chake ni risasi ya madini hasa, ile metali laini na nzito, chenye uzito wa gramu 2.6 na unene wa milimita 5.6. Na hapa ndipo mtu wa soka anaposhangaa: walenga shabaha wa Olimpiki hawataki risasi yenye kasi kubwa. Dukani zipo za kipimo hichohicho zinazokwenda kasi zaidi, tena kwa bei ya chini. Hawazigusi. Wanachotaka ni risasi inayotoka mtutuni ikiwa chini ya kasi ya sauti, kiasi cha mita 320 hadi 330 kwa sekunde, na ibaki chini hivyo hadi mwisho wa safari.

Bado ni mwendo wa maana. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa, na safari nzima ya mita 50 inachukua kama sekunde 0.16. Mkwaju mkali wa penalti unakwenda zaidi kidogo ya mita 30 kwa sekunde. Kwa hiyo huo ‘uzembe’ wa risasi ni mara 10 ya mpira wa staa wako. Ila ndani ya dunia ya risasi, huyu ni kiungo mkabaji anayetembea na mpira.

KUMBUKENI JABULANI

Kwa nini kasi ikimbiwe? Jibu lake mashabiki wa soka wameshaliona kwa macho, mwaka 2010, Kombe la Dunia Afrika Kusini.

Ule mpira wa Jabulani uliwatoa jasho makipa. Unapigwa moja kwa moja, halafu njiani unayumba kama umelewa. Watafiti wa NASA wa Marekani waliupima wakasema tabia hiyo inajitokeza zaidi ukiwa na mwendo wa kati ya kilomita 72 na 80 kwa saa. Chini ya hapo au juu yake, una nafuu. Tatizo lilikuwa kwenye mpaka, pale hewa inayouzunguka mpira inapobadili namna ya kupita.

Risasi nayo ina mpaka wake, na mpaka huo ni kasi ya sauti, kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Ikitoka mtutuni juu ya hapo, hewa inaipunguza haraka, na kabla haijafika mbali inauvuka mpaka kushuka chini. Wakati wa kuvuka, mawimbi ya mgandamizo wa hewa yaliyokuwa yameikumba yanahama na kuisukasuka. Siyo kwamba inapinda kona kama faulo ya Roberto Carlos. Ni milimita kadhaa tu. Lakini duara lako lina milimita 10.4, sasa hizo kadhaa utaziweka wapi?

Risasi iliyoanza chini ya mpaka haina mpaka wa kuvuka. Imetulia tangu inatoka hadi inafika.

Kuna na jambo la upepo, ambalo linapinga akili ya kawaida. Mtu atasema risasi ya kasi inakaa hewani muda mfupi, hivyo upepo wa pembeni utaiathiri kidogo. Kumbe kinachoamua siyo muda peke yake, ni muda ambao risasi imeupoteza kwa sababu ya hewa kuivuta nyuma. Risasi hii ndogo ikizidi kasi ya sauti inavutwa vibaya mno, inapoteza mwendo kwa fujo, na matokeo yake upepo unaisogeza zaidi kuliko ile ya polepole. Ndiyo maana viwanja vya mita 50 vina vibendera kila baada ya umbali fulani, na mlenga shabaha anavisoma kama kipa anavyosoma nyonga za mpigaji.

SAUTI MBILI KWENYE BUNDUKI MOJA

Hapa panahitaji kurekebishwa kidogo, maana filamu zimewapoteza wengi. Kwenye sinema muuaji anafunga kiwambo cha kuzuia sauti, anafyatua, inasikika ‘pyuu’, mlinzi wa nje anaendelea kunywa chai.

Ukweli ni kwamba bunduki inatoa sauti mbili tofauti. Ya kwanza ni mlipuko wa gesi unaotoka mdomoni mwa mtutu. Hiyo kiwambo kinaipunguza, kwa kuipa gesi mahali pa kutanukia na kupoa kabla haijatoka nje. Ya pili ni mlio wa risasi yenyewe inapoipita sauti, mwaliko kama wa mjeledi, na huo unasafiri na risasi njia nzima. Kiwambo hakina la kuufanya, kwa sababu risasi imeshakiacha nyuma. Dawa pekee ya mlio wa pili ni risasi isiyoifikia kasi ya sauti.

Kwa hiyo wawindaji wa Finland, ambako viwambo ni kitu cha kawaida kwa ajili ya kulinda masikio, na walenga shabaha wa Olimpiki wamefika kwenye risasi ya polepole kwa barabara mbili tofauti. Mmoja anatafuta utulivu wa sikio, mwingine utulivu wa safari. Olimpiki hutaona kiwambo, lakini utawaona wachezaji na vizibo vya masikio, na ukikaa karibu utagundua mlio wa bunduki hizi ni kama mtu anayepiga kofi ubao, siyo ule wa kutisha.

Na hali ya hewa ina mkono wake. Sauti inakimbia zaidi kwenye joto na inapungua kwenye baridi. Dar es Salaam mchana wa nyuzi 30, mpaka upo kama mita 349 kwa sekunde. Kwenye barafu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, mpaka umeshuka hadi kama 325. Maana yake risasi ileile iliyokuwa salama Temeke ingekuwa inagonga mpaka kule Ulaya Kaskazini. Wanaoujua ugumu huo ni wachezaji wa bayathloni, ule mchezo wa majira ya baridi wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, ambao tangu 1978 wanatumia kipimo hikihiki cha risasi kwa mita 50. Viwanda vinawatengenezea risasi zao maalumu za baridi, kwa sababu baruti nayo inazubaa ikipoa.

KUJAZA MWENYEWE AU KUCHAGUA

Wenye bunduki kubwa, kama za mashindano ya mita 300, wana njia yao. Ganda la risasi zao lina kiwashio katikati ya kitako. Ukishapiga, kiwashio kilichokufa kinatolewa, kinawekwa kipya, ganda linatumika tena. Basi wengi wao wanajaza risasi wenyewe nyumbani, mezani, wakiwa na mzani na subira ya fundi saa, ili kila risasi iwe pacha wa mwenzake. Mita 300 iliondoka Olimpiki baada ya Munich 1972, alipotwaa dhahabu Lones Wigger wa Marekani, ila kwenye mashindano ya dunia bado ipo.

Kazi hiyo siyo ya kubahatisha. Wanaotafuta risasi nyepesi ya polepole kwa bunduki iliyobuniwa kwa ajili ya kasi ndio wanaopata taabu zaidi. Risasi inaweza kukosa mzunguko wa kutosha ikaanza kuyumba, au mbaya kuliko yote ikakwama ndani ya mtutu. Inayofuata nyuma yake ikipigwa, hapo siyo michezo tena.

Mlenga shabaha wa mita 50 hana hata ruhusa ya kujaribu. Kwenye risasi yake ndogo kiwashio kimefichwa ndani ya ukingo wa ganda, kuizunguka duara nzima. Bunduki inapiga ukingo, ukingo unabonyea, ganda limekufa. Hakuna kufungua, hakuna kujaza upya. Unakula ulichopikiwa na kiwanda.

Na wapishi wanaoaminika hawajazi kiganja. Kuna Eley wa Birmingham, Uingereza, walioanza biashara mwaka 1828. Kuna RWS wa Ujerumani. Kuna Lapua, jina la Finland, ambao risasi zao hizi ndogo zinatengenezwa Schönebeck, Ujerumani. Fainali nyingi kubwa zinaamuliwa kati ya maboksi ya hawa watatu.

Kwa kuwa hawezi kujaza, anachagua. Kiwanda kinatengeneza kwa mafungu, na kila fungu, wao wanaita loti, lina namba yake kwenye boksi. Malighafi ileile, mashine ileile, lakini loti ya Jumatatu haifanani kabisa na ya Alhamisi. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba mkono hauwezi kuihisi. Mtutu unaihisi.

Basi mchezaji anapanda ndege na bunduki yake hadi kiwandani. Mtutu unatolewa kwenye kitako, unafungwa kwenye chuma kisichotikisika, ili binadamu na mapigo yake ya moyo watoke kwenye hesabu. Zinapigwa risasi 10 za loti ya kwanza, mashine inapima zimesambaa kiasi gani. Halafu loti ya pili. Halafu ya tatu. Siku nzima inaweza kuishia hapo. Loti iliyompa mwenzake ubingwa wa dunia inaweza kutapanya ovyo kwenye mtutu wake, na hakuna profesa atakayemwambia kwa nini. Ni kama straika aliyefunga mabao 20 kule alikotoka, anasajiliwa Msimbazi au Jangwani, mfumo uleule, pasi zilezile, anakauka.

Akiipata loti yake, ananunua nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Katoni moja ina risasi 5,000. Nyingine za mazoezi, za thamani zinafichwa kwa ajili ya siku kubwa. Ikiisha, imeisha; kiwanda hakiwezi kuirudia. Anaanza upya.

MKOPO WA RISASI

Ukishafika kwenye ‘mfuko unavyoruhusu’, mchezo huu unaanza kufanana na ile michezo yetu ambayo mtoto ana kipaji, ila hakuna anayelipa nauli.

Swapnil Kusale alizaliwa kijiji cha Kambalwadi, wilaya ya Kolhapur, India. Baba yake ni mwalimu. Vyombo vya habari vya India viliandika kwamba mzee huyo aliwahi kuchukua mkopo ili kijana apate risasi za mazoezi. Siyo bunduki, siyo tiketi ya ndege. Risasi. Kila kidole kikivuta, sehemu ya mkopo imeondoka, na kwa kiwango cha kimataifa mtu anapiga maelfu kwa mwaka. Baadaye Kusale akapata ajira shirika la reli, kazi ya kukagua tiketi kwenye treni, kama alivyoanza nahodha maarufu wa kriketi wa nchi hiyo, MS Dhoni.

Agosti 1, 2024 akatokea kwenye fainali ya Olimpiki ya Paris. Ieleweke kwamba shabaha haikuchezwa Paris yenyewe bali Châteauroux, zaidi ya kilomita 200 kusini. Mashabiki wengi wanaukumbuka uwanja huo kwa sababu ya yule Mturuki wa miaka 51, Yusuf Dikeç, aliyepiga mkono mfukoni na miwani ya kawaida akaondoka na fedha, hadi Armand Duplantis akaiga pozi lake baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kuruka kwa upondo. Dikeç ni bastola ya upepo ya mita 10, haina baruti kabisa. Ule mchezo wa kitufe cha shati ulikuwa huu wa Kusale.

Aliingia fainali akiwa wa saba kati ya wanane. Nafasi ambayo hata wachambuzi hawajisumbui kuijadili. Akapiga goti, akalala, akasimama, na wenzake wakaanza kutolewa mmoja mmoja huku yeye bado yupo. Alipotoka ubao ulisoma 451.4, nafasi ya tatu. India haikuwahi kupata medali ya Olimpiki kwenye mtindo huo.

Waliobaki wawili walikuwa Liu Yukun wa China na Serhiy Kulish wa Ukraine. Liu akamaliza na 463.6, Kulish 461.3. Tofauti ni pointi 2.3 baada ya risasi 45. Kwa shabaha ya mita 50 pointi moja ni milimita 8, kwa hiyo ukizijumlisha zote 45, kati ya dhahabu na fedha palikuwa na chini ya sentimita 2. Loti moja mbovu ingezila hizo kabla watu hawajakaa vitini.

Kulish hakuonekana mtu wa kulalamika. Miaka mitatu kabla, fainali hiyohiyo kule Tokyo, kitufe cha koti lake kilimsumbua akiwa anajiandaa, akili ikahama, akafyatua. Shabaha aliyoipiga ilikuwa ya jirani. Akamaliza wa nane, kama Emmons.

Na Emmons? Athens alikuwa amekaa amejiinamia, akaja kumpa pole mlenga shabaha wa Czech, Kateřina Kůrková. Mwaka 2007 wakaoana. Beijing 2008 mkewe akatwaa dhahabu ya kwanza kabisa ya michezo ile, bunduki ya upepo mita 10. Siku chache baadaye jamaa akawa anaongoza tena mita 50 mitindo mitatu, risasi moja mkononi, anahitaji 6.7. Kidole kikagusa kifyatuo kabla ya wakati. 4.4. Akawa wa nne.

London 2012 akarudi tena, safari hii akiwa ameshaugua na kutibiwa saratani ya tezi ya shingo. Kabla ya risasi ya mwisho alikuwa kwenye fedha. Akapiga 7.6, shabaha ya kwake mwenyewe, akashuka hadi shaba. Akaivaa shingoni.